Wajina wa Namba 34

Soko la Tengeru hufurika Jumatano na Jumamosi. Ukishapita kwenye mikungu ya ndizi, maparachichi na nyanya, unafika wanapotandaza mitumba, na hapo, pembeni ya mashati na suruali, mara nyingi utakuta jezi za mpira wa kikapu zimetundikwa. Utazitambua kwa kitambaa chake chenye vitundu vidogo vidogo vya kupitisha hewa. Chukua moja, igeuze uone mgongoni. Juu kuna jina, chini yake namba kubwa. Kwenye jezi nzuri namba haikupigwa rangi tu. Imekatwa kwenye kitambaa kizito, ikashonwa juu ya kitambaa kingine cha rangi tofauti ambacho kimetokeza kidogo pembezoni, kwa hiyo ukipitisha kidole unagusa kingo mbili. Mara nyingine herufi moja ya jina imebanduka safarini na kuacha alama ya gundi. Namba huwa inabaki.

Ukizipekua kwa subira, jambo moja litakushangaza. Jezi ya njano imeandikwa O'NEAL, namba 34. Ya kijani imeandikwa PIERCE, namba 34. Nyingine ya kijani kilichokolea ina jina refu lililozunguka kutoka bega hadi bega, ANTETOKOUNMPO, na chini yake tena 34. Watu watatu, timu tatu, namba ile ile. Sasa 34 ni ya nani?

Hilo ndilo nataka kuwasimulia, machalii na mabinti wa Chuga, Arusha yetu, na ninalo jambo langu ndani yake. Kati ya waliovaa 34 yumo Mtanzania mmoja, na habari zake husimuliwa nusunusu, nusu yenyewe kwa kejeli. Mimi nitawasimulia yote ninayoyajua, ila kwanza tuielewe namba.

Kwenye soka, namba ilianza kwa kuonyesha mahali pa mchezaji: 1 ni kipa, 9 ni mshambuliaji wa kati. Kwenye kikapu namba haisemi unacheza wapi. Ipo kwa ajili ya refa. Mtu akicheza faulo, refa hupuliza filimbi, husogea hadi mahali ambapo walioketi kwenye meza ya kuandika pointi wanamwona vizuri, kisha huwaonyesha kwa vidole namba ya aliyekosa. Ukumbi ukiwa na kelele hakuna atakayemsikia, kwa hiyo vidole ndivyo vinavyosema.

Mkono mmoja una vidole vitano. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi shule na vyuo vya Marekani viliruhusu tu namba zenye tarakimu kuanzia 0 hadi 5. Nyosha vidole vitatu mkono wa kulia na vinne mkono wa kushoto: 34 hiyo. Sasa jaribu 38. Ungehitaji mkono wa tatu. Ndiyo maana namba nyingi maarufu za kikapu zimetengenezwa kwa tarakimu ndogo: 23 ya Michael Jordan, 32 ya Magic Johnson, 33 ya Larry Bird na ya Kareem Abdul-Jabbar. Kijana alivaa namba chuoni, akaizoea, akaenda nayo kwenye ligi ya kulipwa ya NBA. Vyuo vilikuja kuilegeza kanuni hiyo msimu wa 2023–24, wakati hadithi nyingi za 34 zilikuwa zimeshaandikwa.

Huku kwetu ilikuwa tofauti. Tanzania tunafuata kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa, nalo lilitaka namba kuanzia 4 hadi 15 tu. Moja, mbili na tatu ziliachwa kwa sababu refa anavitumia vidole hivyo kuhesabu pointi. Kwa mchezaji wa namba 15, refa alifunga ngumi moja kumaanisha kumi, akafungua vidole vitano vya mkono wa pili. Mkimpata mzee wa Kijenge au Ngarenaro aliyecheza kikapu enzi zake, muulizeni alivaa namba gani, na jibu litakuwa kati ya 4 na 15. Wakubwa wa dunia nao walibanwa na kanuni hiyo. Jordan alipokwenda Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 aliiacha 23 akavaa 9, na Charles Barkley aliiacha 34 yake akavaa 14. Mwaka 2014 FIBA ilifungua mlango: 0, 00, na kuanzia 1 hadi 99. Tangu hapo hata timu ya shule iliyo chini ya Mlima Meru, yenye uwanja wa saruji na ringi isiyo na wavu, inaweza kuwa na 34 yake, iwe imeshonwa na fundi cherehani au imeandikwa kwa maka peni.

Aliyeipa 34 uzito kwa Waafrika ni Hakeem Olajuwon.

Alizaliwa Lagos, Nigeria, Januari 1963. Alipokuwa kijana alikuwa kipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono, na kikapu alikianza akiwa na umri wa karibu miaka 15. Fikirieni hilo. Watoto wa Marekani huanza kudunda mpira wakiwa na miaka mitano, na huyu alikuwa tayari kijana wa sekondari. Alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Houston, Texas, na mwaka 1984 timu ya Houston Rockets ikamchagua wa kwanza kabisa kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka ule. Jordan alichaguliwa wa tatu.

Kwa mtu mwenye mwili mkubwa kama wake, miguu yake ilikuwa myepesi kupita kiasi. Akipokea mpira karibu na goli huku amempa mgongo mlinzi, alitingisha bega la kushoto, mlinzi akaruka upande ule, na Hakeem akawa ameshageukia kulia. Mlinzi akirudi, Hakeem amegeuka tena. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba miguu ile aliipata kwenye soka na mpira wa mikono. Katika ulinzi alikuwa hatari zaidi. Alizuia mitupo 3,830 katika NBA, na hakuna aliyeifikia idadi hiyo tangu ligi ilipoanza kuihesabu. Msimu wa 1993–94 alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, ya mlinzi bora na ya mchezaji bora wa fainali, zote tatu katika msimu mmoja. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Rockets walitwaa ubingwa mwaka huo na mwaka uliofuata.

Wasomaji wangu mnaofunga mtalipenda hili. Februari 1995 mwezi wa Ramadhani uliangukia katikati ya msimu. Hakeem alifunga, akacheza mechi zake, na mwisho wa mwezi ligi ikamtangaza mchezaji bora wa Februari.

Houston waliistaafisha 34 mwaka 2002, maana yake jezi ilipandishwa juu, chini ya paa la ukumbi, na hakuna mchezaji mwingine wa timu hiyo atakayeivaa. Nje ya ukumbi wao wa Toyota Center kuna sanamu ya shaba ya kumkumbuka. Haina uso wake wala mwili wake. Ni jezi, na kwenye jezi kuna 34.

Hapa ndipo inapoingia kanuni ambayo haijaandikwa kwa wino popote lakini kila mchezaji anaijua: ukifika timu ambayo namba yako inavaliwa na mtu, wewe mgeni ndiye unayetafuta nyingine. Charles Barkley alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1993 akiwa amevaa 34. Philadelphia walimjua kwa namba hiyo, na Phoenix pia. Mwaka 1996 akahamia Houston, akamkuta Hakeem. Bingwa mara mbili hawezi kuvuliwa jezi kwa sababu mgeni kafika, na Barkley, aliyesifika kwa maneno mengi kuliko mchezaji yeyote wa zama zake, alivaa 4 bila ugomvi.

Barkley huyo huyo aliwahi kuiacha 34 kwa hiari yake, na hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote kuhusu namba. Novemba 1991 Magic Johnson alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba ana virusi vya UKIMWI na kwamba anastaafu. Muulizeni bibi au babu hali ilikuwaje miaka ile. Watu waliogopa hata kupeana mikono na mgonjwa, na wengine walikataa kula naye sahani moja. Barkley akaomba avae 32, namba ya Magic, msimu ule. Philadelphia walikuwa wameshaistaafisha 32 kwa heshima ya mchezaji wao wa zamani, Billy Cunningham, kwa hiyo ruhusa ilibidi itoke kwake. Cunningham akairuhusu. Barkley akacheza msimu wa 1991–92 na namba ya rafiki yake mgongoni.

Shaquille O'Neal aliifikia 34 kwa njia nyingine. Chuoni alivaa 33, Orlando akavaa 32. Mwaka 1995 alifika fainali na timu ya Orlando, akakutana na Hakeem, akafungwa mechi nne bila. Mwaka mmoja baadaye akahamia Los Angeles Lakers, na huko akaangalia juu ukutani: 32 ya Magic imestaafishwa, 33 ya Kareem imestaafishwa. Akachukua iliyofuata. Akatwaa nayo ubingwa mara tatu mfululizo, 2000, 2001 na 2002, na mwaka 2013 Lakers nao wakaipandisha ukutani.

Sasa tumfikie Ray Allen, kwa maana kupitia kwake tutamfikia wa kwetu. Ray Allen alikuwa mtu wa mitupo ya mbali, mwenye mkono uliotulia ambao walinzi waliuogopa hata ukiwa mita saba kutoka kwenye ringi. Alivaa 34 Chuo Kikuu cha Connecticut, akaivaa Milwaukee, akaivaa Seattle. Mwaka 2007 akahamia Boston na kumkuta Paul Pierce, aliyekuwa anaivaa 34 pale tangu 1998. Ray Allen akavaa 20, na mwaka uliofuata wawili hao wakawa mabingwa pamoja, Pierce akachukua tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Alipohamia Miami mwaka 2012 aliirudia 34 yake. Tarehe 18 Juni 2013, katika mechi ya sita ya fainali dhidi ya San Antonio, Miami walikuwa nyuma kwa pointi tatu na waandaaji wa fainali walishaanza kuandaa kamba za kuzunguka uwanja kwa ajili ya sherehe ya San Antonio. Ray Allen alirudi nyuma kinyumenyume hadi kwenye kona bila kuangalia chini, akapokea pasi, akarusha. Zilikuwa zimebaki sekunde 5.2. Mechi ikasawazishwa, Miami wakashinda katika muda wa nyongeza, na mechi ya saba ikawapa ubingwa.

Kule Connecticut, miaka kumi baada ya Ray Allen kuondoka, 34 ilivaliwa na kijana wa Dar es Salaam.

Hasheem Thabeet alizaliwa Februari 1987. Kikapu alikianza akiwa na miaka kama 15, umri ule ule wa Hakeem, na alisoma Makongo, shule ya Dar es Salaam inayojulikana kwa kulea wanamichezo. Alirefuka mpaka sentimita 221, na kwa urefu huo kila mlango wa nyumba za kawaida lazima ainame. Akaenda Marekani kumalizia sekondari, na mji alikoimalizia ni Houston, mji wa Hakeem. Kutoka hapo akaitwa Connecticut na kocha Jim Calhoun.

Msikilize mtu akimsema Hasheem leo, atarukia moja kwa moja kwenye NBA. Mimi nataka mkae kwanza Connecticut, kwa sababu huko ndiko kijana huyu alionyesha alichonacho. Alikaa misimu mitatu, na kazi yake ilikuwa kulinda goli. Timu pinzani zilibadilisha mipango yao yote kwa sababu yake. Mshambuliaji aliingia eneo la goli, akaona mkono mrefu unanyanyuka, akarudisha mpira nje. Msimu wake wa mwisho, 2008–09, kwa wastani alifunga pointi 13.6, akadaka ribaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2 kila mechi. Kwenye mechi moja dhidi ya Providence alifunga pointi 15, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10, na kuzuia mitupo kumi kwenye mechi moja ni jambo ambalo wachezaji wengi wazuri wanamaliza maisha yao ya uwanjani bila kulifanya. Alishirikiana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya vyuo ya Big East, iliyokuwa ligi ngumu kweli kweli wakati ule. Timu yake ikafika nne bora ya taifa.

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kati ya vijana wote wanaoingia NBA. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuingia kwenye ligi hiyo kabla yake. Wa kwanza usiku ule alikuwa Blake Griffin, wa tatu James Harden, na wa saba Stephen Curry.

Jina hilo la mwisho ndilo chanzo cha kejeli. Curry akaja kuwa Curry, na watu wakaanza kusema Hasheem alichaguliwa kabla yake. Ni kweli, alichaguliwa. Lakini hakujichagua mwenyewe. Timu tano zilimpita Curry usiku ule, kila moja ikiwa na makocha na watafutaji vipaji wanaolipwa kwa kazi hiyo. Na Memphis walikuwa tayari na mtu mrefu wa katikati, Marc Gasol, aliyekuwa anapanda haraka, kwa hiyo Hasheem alikaa benchi dakika nyingi wakati ambapo mtu aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15 alihitaji kucheza dakika nyingi. Februari 2010 walimpeleka kwa muda kwenye timu ya ligi ya chini, Dakota Wizards. Sisemi kwamba aliwazidi wenzake, hakuwazidi. Ligi ile ilikuwa na kasi kuliko miguu yake, na faulo zilimjia haraka. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Tanzania anayerithi kejeli hiyo bila kujua habari za Connecticut amedhulumiwa sehemu ya historia yake.

Memphis alivaa 34. Februari 2011 wakamhamishia Houston, na hapo mambo yanakuwa kama yalipangwa na mtunzi wa hadithi: mji alikosoma, timu ya Hakeem, na 34 ikiwa imetundikwa chini ya paa. Ya Barkley yakamkuta na yeye, ikabidi avae namba nyingine. Mwaka 2012 akaenda Oklahoma City Thunder, na huko akavaa 34. Sasa angalieni hili. Timu ya Oklahoma City ndiyo ile iliyokuwa Seattle, ilihamishwa mji na kubadilishwa jina mwaka 2008. Seattle ndiko Ray Allen alikovaa 34. Kwa hiyo Hasheem aliivaa 34 ya Ray Allen mara mbili, chuoni na huku, kama mjukuu anayeitwa jina la babu kwenye nyumba mbili za ukoo mmoja. Baada ya NBA aliendelea kucheza kwa kulipwa, akafika hadi Japani na Taiwan.

Nyumba ya tatu ya Ray Allen ilikuwa Milwaukee, na huko aliyeichukua 34 alitoka kwenye mitaa ya Athens. Wazazi wa Giannis Antetokounmpo walitoka Nigeria kwenda Ugiriki, naye akazaliwa huko Desemba 1994. Nyumbani hela ilikuwa haitoshi, kwa hiyo yeye na kaka yake Thanasis walitembeza miwani, saa na mikoba barabarani. Mnawajua vijana wa namna hiyo, mnapishana nao kila siku kati ya Mnara wa Saa na Soko Kuu. Milwaukee walimchagua mwaka 2013, wa 15, akiwa mwembamba na hajulikani. Akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2019 na 2020. Tarehe 20 Julai 2021, katika mechi ya sita ya fainali dhidi ya Phoenix, alifunga pointi 50, na Milwaukee wakatwaa ubingwa ambao hawakuwa wameuonja tangu 1971. Alikuwa anasumbuka sana na mitupo ya faulo, mashabiki wa ugenini walimhesabia sekunde kwa sauti kila aliposimama kutupa. Usiku ule alitupa 19 akapata 17. Kaka yake Thanasis alikuwa kwenye timu hiyo hiyo, akivaa 43. Namba ya mdogo wake, imegeuzwa.

Kwenye chumba hicho cha kubadilishia nguo cha Milwaukee, kati ya 2016 na 2019, alikuwepo pia Malcolm Brogdon, namba 13. Wamarekani wengi huiogopa 13 wakiamini ina mkosi, lakini Wilt Chamberlain aliivaa maisha yake yote ya NBA na mwaka 1962 akafunga nayo pointi 100 kwenye mechi moja. Namtaja Brogdon kwa sababu nyingine. Mwaka 2018 alianzisha na wachezaji wenzake mpango wa kuchangisha fedha za kuchimba visima vya maji Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Wa Arusha hatuhitaji kuelezwa maana yake. Upande wa kusini wa Meru mvua inanyesha, kuna migomba na kahawa. Mlima unazuia mawingu yanayotoka baharini, na ukishapita Oldonyo Sambu kuelekea Longido unaona nchi inakauka, punda wamebebeshwa madumu, na watoto wa umri wenu wanatembea nao.

Mabinti, nanyi mna 34 yenu. Sylvia Fowles aliivaa Minnesota Lynx katika ligi ya wanawake, WNBA, akatwaa ubingwa mwaka 2015 na 2017 na dhahabu nne za Olimpiki kuanzia Beijing 2008. Alipostaafu mwaka 2022 hakuna mwanamke aliyekuwa amedaka ribaundi nyingi kuliko yeye katika historia ya ligi hiyo. Lynx waliistaafisha 34 yake Juni 2023.

Najua mmoja wenu atauliza kama na yeye anaweza kuivaa siku moja. Arusha unaweza, kanuni za FIBA zinaruhusu, mradi hakuna mwenzako aliyekutangulia kwenye timu. Houston huwezi, wala Los Angeles, wala Boston, wala Philadelphia, wala Phoenix. Connecticut pia huwezi tena, kwani Machi 2019 chuo kiliistaafisha 34 ya Ray Allen, na hivyo Hasheem anabaki kuwa mmoja wa wachache walioivaa pale baada yake. Lakini Memphis, timu iliyomtaja Mtanzania wa kwanza usiku ule wa Juni, imestaafisha namba nyingine na 34 haijaigusa. Mtanzania wa pili akifika kule na kukuta hakuna anayeivaa msimu huo, anaiomba kwa mtunza vifaa na anapewa.